Mdomo na Mfuko

Kila Jumamosi alasiri, umeme usipokatika, huoka skonzi nyumbani kwangu hapa Iringa. Sisemi zile skonzi za madukani, za hamira, laini, ambazo watoto hupenda kuzichovya katika chai. Hizo nazo ni nzuri wala sizidharau. Nasema zile za Kiingereza, za bekingi pauda na zabibu kavu, ambazo ukizishika kwa mikono miwili humeguka katikati bila kuvutika. Lugha yetu imevipa vitu viwili jina moja, na mara nyingi wageni wangu wakisikia skonzi hutazamia ile ya kwanza, kisha wakaletewa hii. Hula kwa adabu. Wachache huomba kuongezwa.

Namna ya kuzioka haina siri. Unga wa ngano vikombe viwili, bekingi pauda vijiko vitatu vya chai, chumvi kidogo, sukari vijiko viwili vikubwa, siagi baridi kiasi cha gramu 60, zabibu kavu gramu 75, na maziwa kama mililita 150, nayo yatiwe kidogo kidogo kwa sababu unga wa leo si unga wa jana. Siagi hufikichwa ndani ya unga kwa ncha za vidole, si kwa viganja, maana viganja vina joto, na siagi ikiyeyuka kabla ya kuingia motoni skonzi hutoka nzito. Ukishatia maziwa, usikande. Hapo ndipo penye mtihani kwa sisi tuliolelewa na chapati. Chapati hudai kukandwa mpaka jasho likutoke, kwa kuwa ngano ikikandwa hujenga mnato, nao mnato ndio unaoifanya chapati isukumike ikawa pana bila kuchanika. Skonzi haiutaki mnato huo. Unakusanya tu, unalibonyeza donge mpaka liwe na unene wa kidole gumba kilicholazwa, kisha unakata kwa bilauri, ukishuka moja kwa moja bila kuizungusha, kwani ukizungusha utaziba kingo na skonzi itapanda upande mmoja kama kofia iliyokaa vibaya. Oveni iwe kali, nyuzi 220, dakika 12 hadi 15. Wala usikate unga ukaenda kupiga soga kwa jirani. Bekingi pauda huanza kutoa hewa mara inapolowa, nawe ukirudi utakuta hewa imekwisha kufanya kazi yake na kuondoka.

Pauda hiyo yenyewe ina kisa chake. Mkemia mmoja wa Birmingham, Alfred Bird, aliitengeneza mwaka 1843 kwa sababu mkewe hakupatana na hamira, naye alitaka mkewe apate mkate wa kuumuka kama watu wengine. Kabla ya hapo watu wa Scotland walikuwa na skonzi zao bapa, za shayiri na za oti, zilizookwa juu ya bamba la chuma lililowekwa motoni. Mshairi wa huko, Gavin Douglas, aliliandika neno hilo mwaka 1513. Zabibu zilikuja kutoka nchi za jua. Siku hizi Waingereza wa Devon na wa Cornwall wanabishana ni kipi kitangulie kupakwa juu ya skonzi, malai au jamu, na nikisikia ubishi huo huwaza kwamba heri watu ambao ugomvi wao wa skonzi ni huo.

Nimeeleza haya yote, msomaji wangu, ili nichelewe kufika ninakokwenda. Jambo langu ni zabibu.

Miaka miwili iliyopita nilijikuta nimesimama mbele ya kabati langu la jikoni, mlango nimeufunga nyuma yangu, nikichora mstari wa kalamu kwenye pakiti ya zabibu ili kesho yake nijue kama zimepungua. Nilipomaliza nikaitazama kalamu mkononi mwangu, nikaketi. Ili mtu aelewe kwa nini niliketi, yanibidi nirudi nyuma hadi mwaka 1959.

Baba yangu alikuwa mpishi wa Wazungu huko Mufindi, kwenye mashamba ya chai. Mufindi ni nchi ya baridi na ukungu. Kuna siku jua halionekani mpaka saa sita mchana, na Waingereza waliokuja kulima chai huko walisema panawakumbusha kwao. Labda ndiyo sababu walikula vya kwao kwa bidii kubwa. Baba alijifunza kuoka kwa kusimama nyuma ya memsabu na kutazama. Hakujua kusoma. Jiko lilikuwa la chuma, la kuni, halina kipimo chochote cha joto; naye alilipima kwa kunyunyiza unga kidogo juu ya sinia, akaliingiza ndani na kuangalia unga unachukua muda gani kubadilika rangi. Kila Jumamosi saa kumi alasiri wageni walikuja kunywa chai kutoka mashamba ya jirani, na kila Jumamosi baba alioka skonzi za zabibu.

Memsabu hakuwa mtu mbaya, na ningependa hilo lisomwe kabla ya mengine. Kaka yangu alipougua kifua usiku mmoja, yeye mwenyewe aliendesha gari katika tope kumfikisha hospitali, akakaa naye mpaka alfajiri. Lakini alikuwa na stoo, na stoo ilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikaa kiunoni mwake. Kila asubuhi alifungua, akapima unga, sukari na siagi ya siku hiyo, akaandika katika daftari, akafunga. Ndivyo ilivyokuwa desturi katika nyumba nyingi za namna ile. Nadhani yeye mwenyewe hakuiona kuwa ni tuhuma, ila ni utaratibu tu wa nyumba, kama kupanga viti.

Jumamosi usiku baba aliporudi kwetu kambini, aliingiza mkono katika mfuko wa kanzu yake nyeupe ya kazi na kutoa zabibu kumi na mbili. Tulikuwa watoto watatu. Kila mmoja alipata nne. Sijui kama mtu aliyekulia mjini anaweza kuelewa zabibu nne zilikuwa nini kwetu, watoto wa posho ya unga wa mahindi, maharage na chumvi. Mimi nilikula tatu, na ya nne niliiweka shavuni nikalala nayo. Asubuhi bado kulikuwa na utamu kidogo mdomoni.

Yaliyotokea jikoni tulisimuliwa na mama baada ya miaka mingi, kwa kuwa baba hakuyasema kamwe. Siku hiyo wageni walikuwa sebuleni, na memsabu akaingia jikoni ghafla kufuata kijiko. Akaona mkono wa baba unatoka mfukoni. Akamwambia autoe mfuko nje. Baba akatoa. Zabibu zikawekwa juu ya meza, naye akazihesabu kwa Kiswahili, kwa sauti, mgeni mmoja akiwa amesimama mlangoni na kikombe chake: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Hakumfukuza. Hakumkata mshahara. Jumatatu yake alimwita fundi cherehani, akampa kanzu zote mbili za baba, na mifuko yake ikashonwa.

Baba aliendelea kupika katika nyumba ile miaka miwili zaidi akiwa na kanzu isiyo na mfuko. Mama ndiye aliyezifua na kuzipiga pasi. Mara moja alitaka kuifumua ile mishono, kwani ilikuwa ni uzi tu, wembe ungeimaliza kwa dakika moja. Baba akamwambia, "Acha. Ataiona."

Na sasa lipo jambo ambalo hunipa taabu kuliko lile la mifuko. Tangu Jumamosi iliyofuata, memsabu alianza kumpa baba skonzi mbili, zimefungwa vizuri katika karatasi nyeupe, akasema ni za watoto. Kila Jumamosi, bila kusahau. Skonzi mbili nzima, zenye siagi na zabibu nyingi kuliko nne nne! Sisi watoto tulifikiri baba amepandishwa cheo. Tulizigawanya kwa kisu, tukapigania makombo. Baba alikwenda kukaa nje kwenye gogo mpaka tulipomaliza. Hakupata kula hata kipande. Nilidhani hapendi vitu vitamu.

Basi tujiulize. Je, baba yangu alikuwa mwizi?

Sheria haina shida na swali hilo. Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1930 na ambayo tunayo hadi leo, haisemi kuwa zabibu kumi na mbili ni chache mno. Tena inauweka wizi wa mtumishi katika kifungu chake peke yake, na adhabu yake ni kali kuliko ya wizi wa kawaida, kwa hoja kwamba mtumishi ameaminiwa. Hoja hiyo ina nguvu yake. Mtu uliyemfungulia mlango akikuibia, hukuibia vitu tu.

Lakini dini mbili ninazoziona kila siku hapa mtaani kwetu, moja yangu na nyingine ya majirani zangu, zina maneno ya zamani kuliko kanuni hiyo, na yanashangaza kwa jinsi yanavyofanana. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Waisraeli waliruhusiwa kuingia katika shamba la mizabibu la jirani na kula zabibu mpaka washibe. Walichokatazwa ni kutia zabibu chomboni. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume Muhammad alipoulizwa juu ya matunda yaliyo mtini, alisema kwamba mwenye haja akila kwa mdomo wake bila kuyabeba katika pindo la nguo, hana lawama. Mzee mmoja jirani yangu, mwalimu wa madrasa, ndiye aliyenionyesha hadithi hiyo, nami nikamwonyesha ile sura. Tulicheka pamoja. Mdomo umeruhusiwa, mfuko umekatazwa, huku na huku.

Hekima yake inaeleweka upesi. Tumbo lina mwisho, mfuko hauna. Anayekula papo hapo anakidhi haja yake, na haja hiyo inaonekana na watu wote. Anayebeba ameanza kuweka akiba kwa mali ya mwingine, na kesho atakuja na gunia. Nyumbani kwetu pia mpishi huonja, na hakuna aliyewahi kumwita mpishi anayeonja mwizi.

Nilikubaliana na hekima hii kwa miaka mingi, mpaka siku moja, nikiwa natia zabibu katika unga, nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona zamani. Baba yangu alisimama mbele ya bakuli la zabibu kila Jumamosi. Angeweza kuzitia mdomoni. Angekula kumi na mbili, au ishirini, na hata memsabu angeingia, asingekuta chochote cha kuhesabu. Tena kwa sheria ya shamba la mizabibu asingekuwa na kosa. Yeye hakula. Alizitia mfukoni kwa sababu hakuzitaka ziwe zake. Alizitaka ziwe zetu. Yaani jambo lile lile lililomtoa upande wa wasio na lawama na kumweka upande wa wezi ndilo lililokuwa jema katika tendo lake. Mlafi angesalimika. Baba aliyejinyima alishonewa mfuko.

Sijui jibu la fumbo hili kwa ukamilifu, lakini nakataa jibu jepesi, lile wanalonipa marafiki zangu ninapowasimulia: "Ah, zabibu kumi na mbili tu! Kwani ni nini?" Nalikataa kwa sababu nilikuwa mwalimu kwa miaka thelathini, na kwa miaka minne kati ya hiyo nilishika stoo ya shule ya bweni. Gunia la sukari la kilo 50 lilikuja likiwa limejaa. Mpishi alichukua kikombe kimoja kwa ajili ya wanawe. Msaidizi wake naye, kikombe. Mlinzi wa usiku, kikombe. Mwalimu wa zamu akipita aliomba kidogo cha chai, na "kidogo" ilikuwa robo kilo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu mbaya, na kila mmoja, ungemuuliza, angesema ni kikombe tu, kwani ni nini? Ilipofika wiki ya tatu ya mwezi, wasichana mia mbili walikunywa uji usio na sukari, nao hawakuwa na mtu wa kumlalamikia, maana aliyekula sukari yao hakuwa mtu mmoja. Ni watu tele, kila mmoja mwenye sababu ya huruma. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kidogo si wizi. Mimi mwenyewe, nikiwa na ufunguo kiunoni, nilianza kupima na kuandika katika daftari, na uji ukarudi kuwa mtamu. Nilimwelewa memsabu kidogo siku zile, ingawa sikupenda kumwelewa.

Basi kama udogo wa kitu si utetezi, baba alikosea. Nalisema hili kwa mkono mzito. Zabibu hazikuwa zake, na hakuomba.

Ila hapo kwenye kuomba ndipo ninapokwama tena. Kwa nini hakuomba? Yule memsabu aliyeendesha gari usiku katika tope angemnyima zabibu kumi na mbili? Bila shaka angempa. Na ndiyo sababu hasa hakuomba. Kuomba kuna bei, na bei hiyo hailipwi na watu wote sawasawa. Mimi nikimwomba jirani yangu chumvi, kesho yeye ataniomba kiberiti, na hakuna aliyepungukiwa. Baba angemwomba memsabu zabibu, memsabu angemwomba baba nini? Hakuna. Angempa, na tangu siku hiyo mbele yake angesimama mtu mwenye watoto wenye njaa, si mpishi tena. Nadhani baba alipima vitu viwili, kuomba na kuchukua, akaona kuchukua kunampunguzia heshima kidogo kuliko kuomba. Alikosea katika kuchukua. Sidhani alikosea katika kupima.

Na hili ndilo linalonieleza zile skonzi mbili. Kwa hesabu ya daftari, memsabu alilipa zaidi ya haki. Alitupa kila wiki mara kumi ya kile baba alichochukua. Angeweza kusema, na pengine alijisemea, kwamba amesamehe na kuongeza. Kwa nini basi baba alikaa nje kwenye gogo? Kwa sababu kabla ya hapo, Jumamosi usiku, aliyetupa zabibu alikuwa baba yetu. Baada ya hapo aliyetupa skonzi alikuwa memsabu, naye baba alikuwa mbebaji. Zile zabibu nne, hata kama zilikuwa za wizi, zilitoka mkononi mwake. Memsabu alimnyang'anya nafasi ya kuwa mtoaji, kisha kwa wema wa kweli kabisa akaijaza yeye.

Familia ile iliondoka nchini baada ya uhuru. Memsabu alimwandikia baba barua ya sifa, na kwa barua hiyo akapata kazi nyingine mjini Iringa. Barua ninayo. Imeandikwa kwamba ni mpishi hodari, msafi na mwaminifu. Neno mwaminifu limo, nimelisoma mara nyingi. Sijui aliliandika akiwa amesahau, au akiwa anakumbuka.

Sasa nirudi kwenye kalamu yangu.

Nina binti anayenisaidia kazi za nyumbani. Nimekwisha kuwa mzee, magoti hayaniruhusu kuinama kwenye oveni, na skonzi za Jumamosi huoka yeye, mimi nikisimama pembeni na kutoa maagizo. Anao mtoto wa miaka mitano anayelelewa na bibi yake kijijini, na kila baada ya wiki mbili Jumapili humwendea. Siku moja alipokuwa akijifunga vizuri kanga yake kabla ya kutoka, niliona fundo katika pindo, dogo, kama watu wanavyofunga sarafu. Fundo likalegea, na zabibu mbili zikaanguka sakafuni kati yetu. Hakuziona. Nilizikanyaga. Nilizifunika kwa kandambili yangu mpaka alipotoka, kisha nikaziokota.

Mtu angetegemea kwamba mimi, miongoni mwa watu wote wa mkoa huu, ningejua la kufanya. Nilichokifanya wiki ile ni kuchora ule mstari. Sikuwa na hasira, wala zabibu si ghali kiasi hicho. Siku hizi zipo hata za Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Nilitaka tu kujua. Nilijiambia hivyo, na ninashuku kuwa kila mwenye stoo hujiambia hivyo. Nilipoketi na kalamu nikaona aibu, nikatupa pakiti ile, nikanunua nyingine, na Jumamosi iliyofuata nikamwambia kwa sauti niliyodhani ni ya upole, "Mwanangu, ukitaka zabibu za kumpelekea mtoto, chukua tu, usiogope."

Akaacha kufikicha siagi. Akasema, "Asante mama." Kisha akaendelea.

Tangu siku hiyo hajagusa zabibu hata moja. Najua, kwa sababu, Mungu anisamehe, niliendelea kuangalia. Nilikuwa nimempa ruhusa, naye alikuwa amesikia kile kilichokuwa ndani ya ruhusa, yaani kwamba nimeona. Ningeyasema maneno yale yale siku ya kwanza alipoingia nyumbani kwangu, kabla hajashika kitu, yangekuwa desturi ya nyumba: hapa anayepika huonja, na mwenye mtoto humfungia mtoto. Hayo yangekuwa maneno ya shamba la mizabibu, na hata chombo ningekiruhusu. Kwa kuyasema baada ya fundo kulegea, niliyageuza kuwa skonzi mbili katika karatasi nyeupe. Maneno hayakubadilika hata moja, ila siku ya kuyasema ilikuwa imepita.

Nimefikiria kumwambia habari za baba yangu. Mara mbili nimeanza. Mara ya kwanza mgeni akabisha hodi, na mara ya pili nikaona kwamba nikimsimulia nitakuwa nimemwambia, kwa maneno mengi zaidi, lile lile nililokwisha kumwambia. Pengine atakisoma kitabu hiki. Anasoma vizuri kuliko baba.

Mwisho wa mwezi ule alipopokea mshahara wake, alirudi kutoka sokoni na vitu nilivyomtuma. Nilipofungua kabati baadaye nilikuta pakiti mbili za zabibu. Moja ilikuwa yangu, imefunguliwa, imekunjwa mdomo. Nyingine ilikuwa mpya na haikuwamo katika orodha yangu wala katika hesabu ya chenji, ambayo alikuwa ameirudisha kamili. Sikumuuliza, naye hakusema kitu.

Pakiti hiyo ipo kabatini mpaka leo, haijafunguliwa. Tarehe iliyopigwa nyuma yake ilipita mwezi wa Machi. Jumamosi nikihitaji zabibu hununua nyingine, na hiyo ndiyo ninayoifungua. Binti hupepeta unga, hufikicha siagi kwa ncha za vidole kama nilivyomfundisha, ana mkono mwepesi kuliko wangu. Ikifika zamu ya zabibu hujifuta mikono, husogea pembeni, na kunipisha nizitie mwenyewe.